Kitufe cha Kuitikia

Nilisikia sauti ya bibi kabla sijafika jikoni, nayo ilikuwa ikigombana na sauti ya bibi.

Nikakaza mwendo. Nilikuwa nimeiacha simu yangu juu ya gunia la kahawa, tovuti ya podikasti yetu ya hadithi ikiwa wazi, nione mtu asiyeijua ataitumiaje. Pale nyumbani Nyabiyonza mtu huyo alikuwa bibi, mama mzaa mama, ambaye hadithi zake za Kinyambo ndizo zilizoijaza podikasti yenyewe. Nilimkuta na kisu mkononi, ndizi imemenywa nusu, ameikodolea simu macho.

"Mwambie huyu mama anyamaze," akasema. "Hajaitikiwa."

"Bibi, huyo ni wewe."

"Mimi? Mimi nikose adabu hivyo?"

Nyumbani kwetu msimulizi hutoa sentensi ya kwanza, kisha hunyamaza. Wasikilizaji wasipoitikia "Eee", hadithi haiendi popote. Bibi aliwahi kukaa kimya mpaka chakula kikaungua, kwa sababu sisi wajukuu tulikuwa tunachekana. Wakati wa kumrekodi nilikaa mbele yake nikaitikia kila alipotua. Kisha nikakaa na kompyuta nikazikata "Eee" zangu zote, pamoja na ukimya uliozitangulia, ili sauti itiririke. Ndivyo alivyonielekeza mtaalamu mmoja wa tovuti kutoka Bukoba, aliyekubali kuiweka kazi yetu kwenye jukwaa lake lenye wasikilizaji wengi.

"Umenifanya kichaa, naongea peke yangu," bibi alisema. "Kama hadithi zangu zitabaki hivyo, bora uzifute zote. Sauti ni yangu."

Nikaurudisha ukimya. Nikaondoa picha zinazoteleza, nikaondoa na ule msururu wa hadithi nyingine zinazomvuta mtu kabla hajamaliza hii. Ukurasa ukabaki na kitufe kimoja kikubwa, chekundu kama kahawa iliyoiva mtini. Bibi anatoa sentensi yake, ananyamaza, kitufe kinawaka. Usipokibonyeza, au usipoitikia kwa mdomo simu ikakusikia, hasemi tena.

Alikijaribu mwenyewe kwa kidole chenye utomvu wa ndizi. Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa hata bubu ataniitikia!"

Mtaalamu alifika Jumamosi mchana kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Akamwamkia bibi shikamoo, akala matoke yetu vizuri tu, kisha akaichukua simu. Akasikiliza. Akasubiri.

"Imekwama."

"Haijakwama," nikasema. "Inakusubiri."

"Mdogo wangu, msikilizaji anaendesha gari, anafua. Mikono yake ina kazi."

"Mdomo je?"

"Aitikie simu, peke yake? Watu watamcheka!"

"Wamcheke."

Akaweka simu mezani taratibu. "Kiondoe hicho kitufe, au uitafutie tovuti yako pengine pa kukaa."

Niliwataka wasikilizaji wake, sitadanganya. Naandika riwaya. Najua ilivyo kuzungumza na watu usiowaona, usijue kama wamelala au wameondoka. Lakini nilikwisha kuuchoka ushauri unaotaka kila chetu kiteleze haraka, kama kwamba hadithi ni dawa chungu ya kumezwa upesi. Bibi hakumbembeleza mtu yeyote amsikilize. Kwa nini nimbembeleze mimi kwa niaba yake?

"Kitabaki," nikasema.

Bibi, aliyekuwa amekaa mkekani akichambua maharage, akainua uso. "Mwanangu, kabla hujaondoka ngoja nikuanzie moja. Palikuwa na mwanamke aliyelima peke yake."

Akanyamaza.

Niliuma ulimi nisimwitikie badala ya mgeni. Nje kuku mmoja aliparua kahawa zilizoanikwa, hakuna aliyemfukuza. Mtaalamu alinitazama mimi, akamtazama bibi, akatazama saa kwenye simu yake.

"Endelea tu, bibi, nasikiliza."

Bibi hakuendelea. Aliokota punje iliyotobolewa na wadudu, akaitupa pembeni, akatulia tena na mikono mapajani.

Mwishowe mgeni akasimama, akajikung'uta. "Mtanipigia mkibadilisha mawazo."

Kwetu mgeni husindikizwa mpaka barabarani. Mimi nilimsindikiza mpaka kizingitini, nikaufunga mlango.