Ya Rangi ama ya Watu

Suti yangu ya harusi ilishonwa Kericho mjini, rangi ya zambarau, na kwa karibu miaka miwili ilining'inia nyuma ya mlango bila kazi. Siku nilipotaka kuivaa kwa mkutano wa wazazi shuleni, zipu ya sketi ilipanda hadi nusu ya safari ikagoma. Nilivuta pumzi. Nilivuta tumbo. Nililala chali kitandani, nikakunja miguu, nikavuta kwa nguvu zote za mtu aliyelelewa akibeba maji kichwani. Zipu iling'oka ikabaki mkononi. Niliketi ukingoni mwa kitanda nimeishika kama mkia wa panya, nikakata shauri kwamba nitakonda, na kwamba hakuna atakayejua.

Wa kufichwa hasa alikuwa mama mkwe.

Mimi ni mtoto wa upande wa Kisii. Mume wangu ni Mkipsigis wa vilima vya karibu na Roret, na mama yake, mjane, alinipokea vizuri, siwezi kumsingizia. Hakuwahi kunitupia neno baya. Ila aliniita Mwalimu. Msichana wa jirani aliyekuja kuomba kaa la moto aliitwa "mtoto yangu". Ndama aliitwa "mtoto yangu". Mimi, niliyeolewa na kijana wake wa pekee mbele ya mchungaji, niliitwa Mwalimu, kwa adabu zote, kama mkaguzi wa shule aliyepita kusalimia. Nililitaka hilo neno la ndama kuliko nilivyotaka kupandishwa cheo.

Kitu kimoja tu changu kilimfurahisha, nacho kilikuwa ni mwili. Alinilisha mwenyewe. Kila nilipofika kwake nilipewa mursik, yale maziwa mala ya kibuyu yaliyochanganywa na mkaa, kisha chai ya maziwa matupu iliyotiwa sukari bila huruma. Nilipoanza kujaa, alinitembeza sokoni Roret akiwaonyesha marafiki zake wa kanisani. "Angalia Mwalimu," aliwaambia, akinishika mkono juu ya kiwiko, pale penye nyama. Kwa hiyo kukonda kwangu kungekuwa ni kumharibia kazi ya mikono yake, tena kitu changu pekee alichokisifu. Ndiyo maana nilitaka nikonde polepole, kwa siri, nikitumaini atazoea bila kushtuka.

Mbinu niliipata ofisini kwa walimu. Mwenzangu mmoja, mwembamba tangu kuzaliwa, alikuwa amesoma kwenye gazeti fulani kwamba dawa ni chai ya rangi. Usitie maziwa, usitie sukari, vikombe vitano kwa siku, na jioni ule mboga tu. Alinieleza hayo huku akila andazi la pili.

Mtu wa mbali atasema hilo si jambo gumu, kwa kuwa sisi tuliishi ndani ya chai. Ukifungua dirisha ni chai, ukienda chooni unapita katikati ya chai. Lakini kwetu kuichuma ni kitu kimoja na kuinywa nyeusi ni kitu kingine. Chai ya rangi, ile tunayoiita turungi, ilinywewa siku ng'ombe wamekauka, au matangani maziwa yakiishia kabla ya watu. Ukimpa mgeni turungi, ulimwomba msamaha kwanza ndipo ukammiminia.

Mume wangu nilimweleza, maana angeona mwenyewe. Alikuwa akitengeneza matrekta ya wakulima wa ngano huko Mulot na alirudi nyumbani Jumamosi. Alicheka hadi akashika ukuta, kisha akaapa kwamba hatafungua mdomo. Sukari yote niliigawa ili isinijaribu. Jirani aliyeniuzia chupa moja ya maziwa kila jioni nilimwambia asimamishe kwa muda, nitamjulisha nikihitaji. Sikumweleza sababu. Nilijiona mjanja.

Chai yenyewe ilikuwa chungu kiasi cha kuukuna ulimi. Nilikunywa macho nimeyafumba. Siku ya tatu niliwafokea darasa la tano kwa kosa la kucheka, na siku ya sita niliota ndoto ndefu kuhusu mandazi, ndoto isiyo na kitu kingine ndani yake. Lakini niliendelea, kwa sababu mimi ni mkaidi, na kwa sababu ya ile zipu.

Taabu ikawa ni kujua kama ninapungua. Mizani ya watu ilikuwa kwenye zahanati, na muuguzi wa zahanati alikaa benchi moja na mama mkwe kila Jumapili. Ilibaki mizani ya majani. Shamba letu lilikuwa na mistari michache ya chai niliyochuma mwenyewe Jumamosi na kupeleka kituoni, kile kibanda cha mbao ambapo karani hupima majani kabla lori halijaja. Jumamosi moja nilijifanya nimechelewa ili niwe wa mwisho. Gunia langu lilipokwisha kupimwa nilimwomba anipime na mimi.

Aliniangalia. "Mwalimu, hii ni ya majani."

"Leo majani ni mimi."

Alikuna kichwa, akaniambia nishike ile ndoano kwa mikono miwili na kuinua miguu. Boriti ililia. Nilining'inia pale nimekunja magoti, kiatu kimoja kimeanguka, mke wa mtu na mwalimu wa watoto wa watu.

"Themanini na moja," akasema. "Lakini umenyeshewa. Natoa moja ya maji. Themanini."

Nilimshukuru kwa moyo wote. Wachumaji walimnung'unikia kwa hiyo kilo moja ya maji kila siku ya mvua, na huenda mimi ndiye mtu wa kwanza kuipokea kwa furaha.

Baada ya mwezi nilirudi. Nilifika mapema kidogo na wanawake walikuwa ndio wanaanza kupanga foleni nje, lakini sikuweza kungoja. Nilidandia ndoano. Karani alisoma, akasoma tena, na kwa furaha yake akasahau kwamba tulikuwa na siri. Alitangaza kwa ile sauti ya kutangazia majani.

"Mwalimu amepungua kilo saba!"

Foleni nzima iligeuka. Mwanamke mmoja akasema, "Pole, Mwalimu." Mwingine alinishika bega akaliachia polepole. Nilirudi nyumbani nikiimba. Sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Wao walijumlisha. Mwalimu ameacha kununua maziwa. Mwalimu anakonda. Bwana yuko Mulot wiki nzima. Hesabu kama hiyo haihitaji ubao.

Siku ya nne, Jumatano baada ya masomo, mama mkwe alibisha hodi, mwavuli mkononi, viatu vimejaa matope ya bondeni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuja bila kutuma habari. Sufuria ilikuwa mezani na kikombe changu kando yake, na ndani yake chai nyeusi tititi. Aliitazama. Nilisema nitakimbia kwa jirani kuleta maziwa.

"Wacha. Nakunywa hii tu."

Akavuta kopo la sukari, akalifungua, akalikuta tupu, akalifunga. Alilifunga taratibu sana, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa. Halafu akanywa turungi ile yote hadi chini bila kukunja uso.

"Kijana yangu anakuja lini?"

"Jumamosi, mama."

"Sawa, Mwalimu."

Jumamosi mume wangu aliitwa kwa mama yake kabla ya kufika kwangu. Alipoingia masikio yake yalikuwa mekundu, na yeye si mtu mweupe. Alikuwa ameulizwa pesa zake anazimaliza wapi huko Mulot. Alikuwa ameambiwa kwamba mwanamume ambaye mke wake anakunywa turungi bila sukari asikalie kiti cha marehemu baba yake. Na kwa kuwa aliniapia, alisimama wima akayapokea yote.

"Nimetukanwa kwa ajili ya sketi," akaniambia.

Niliona aibu. Nilimwambia kesho baada ya kanisa nitaenda kwa mama kumweleza kila kitu, na nilikusudia hivyo kweli.

Lakini kesho yake, kabla hatujavaa nguo za kanisa, tulisikia kwato uani. Mama mkwe alisimama hapo ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwa ng'ombe wake wa kahawia mwenye doa jeupe kwenye paji, yule wa maziwa, ndama akifuata nyuma. Alikuwa amemshusha bondeni, akamvusha mto, akampandisha kilima chetu akiwa peke yake.

"Mtoto yangu," akasema, akinitia kamba mkononi. "Hii ni yako. Turungi isipikwe tena kwa hii boma."

Mtoto yangu. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, nimeyapanga usiku mzima, nikayameza yote. Ningesema nini? Kwamba jina hilo nimelipata kwa uongo? Alinipa kwa sababu aliamini nina shida, na nikimwambia sina shida, atalichukua arudi nalo kwake. Nilisema, "Kongoi, mama," yaani asante kwa lugha yake, na macho yangu yakatafuta pa kutazama yakamwangukia ng'ombe. Mume wangu alinitazama mimi.

Nikawa mwanamke anayejinyima maziwa huku ng'ombe analia nje akitaka kukamuliwa. Jumapili mama alipokuja kukagua, nilikunywa chai ya maziwa mbele yake, naye akaitikia kwa kichwa akaridhika. Siku nyingine maziwa niliyapeleka ofisini kwa walimu, ambako yule mwenzangu mwembamba alikunywa vikombe vitatu kila asubuhi bila kuongezeka hata unene wa ukucha. Kila Jumapili niliitwa mtoto yangu, na kila mara niliitikia nikimtazama ng'ombe.

Wiki ya tano tangu ng'ombe aje ilinyesha mvua ya mawe, tukafunga shule mapema. Nikaona heri nipitie kwa mama, maana tangu aanze kuja kwetu Jumapili sikuwa nimekanyaga kwake. Nilimkuta jikoni. Alishtuka kuniona, akafuta kiti, akachukua chupa ya chai. Halafu akasita.

"Pole, mtoto yangu. Leo maziwa imeisha."

Akanimiminia chai ya rangi.

Nilitazama ukutani. Katika nyumba ile vibuyu viwili vilijaa mursik mwaka mzima, na sasa vilikuwa vimening'inizwa midomo chini, vikavu, vumbi limekaa mabegani mwavyo. Maziwa hayakuisha leo. Nilimtazama yeye. Sweta lilimlegea, na mifupa ya mashavu ilikuwa imetokeza. Macho yangu yalizoea kumtazama kwa woga, ndiyo maana Jumapili zote zile sikuona.

"Ile ng'ombe ingine inazaa lini, mama?"

"Bado miezi nne. Lakini nimezoea. Hii inafukuza usingizi."

Alikunywa funda moja mbele yangu, bila kukunja uso. Niliweka kikombe chini. Moyo uliniuma hivi kwamba sikuweza tena kuchagua maneno.

"Mama, mimi sikukosa maziwa. Niliyakataa mwenyewe. Nilitaka kukonda."

"Kukonda?"

"Ndiyo, mama."

"Uko mgonjwa?"

"Hapana."

"Kijana yangu alikuambia ukonde?"

"Hapana, mama. Yeye alitukanwa bure. Ni sketi."

Nikamsimulia yote, zipu, gazeti, ndoano ya karani, kilo ya maji. Alisikiliza ametazama moto. Nilipomaliza alisukuma kuni mekoni, na mimi nikajiandaa kuitwa Mwalimu. Ingekuwa haki yangu. Nilijiambia nitaitikia vizuri, nitainuka, nitaenda kumrudisha ng'ombe wa watu kabla giza halijaingia.

Alichungulia ndani ya kikombe chake. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na kweli machozi yalikuwepo, lakini alikuwa anacheka, anacheka hadi akashika ubavu, kitambaa cha kichwa kikamteleza.

"Wiki tano!" akasema. "Wiki tano nakunywa hii uchungu, kumbe ni sketi!"

Akainuka, akaenda mlangoni, akampazia sauti yule ng'ombe wake aliyebaki zizini, kwa Kiswahili, makusudi, ili nami nisikie.

"Umesikia? Mtoto yangu ni mjinga! Mtoto yangu ni mjinga kabisa!"

Nililia pale jikoni kwa furaha ya kutukanwa.

Mama alikataa kumpokea tena yule ng'ombe. Alisema kitu alichompa mtoto wake hakirudi. Basi yakawa yanarudi maziwa. Kila alfajiri kabla ya shule nilikamua, nikashuka bondeni na kibuyu, nikavuka mto, nikapanda kwake nikihema, tukanywa chai, nikashuka na kupanda tena. Hiyo ndiyo iliyonikondesha, si ile turungi ya gazeti. Pasaka nilivaa suti ya zambarau na zipu mpya. Mama alinizunguka mara moja uani, akanibana kiunoni kwa vidole viwili, akasema, "Hapo hapo. Usipite hapo."

Lakini hakunisamehe bure. Kila asubuhi, miaka yote tuliyokunywa chai pamoja, hata vibuyu vikiwa vimejaa, alinishikia kikombe juu ya meko, asimimine, akaniuliza kwa uso mkavu, "Mtoto yangu, leo ni ya rangi ama ya watu?"

"Ya watu, mama," nikajibu, ndipo akamimina.