Wimbo na Ng'ombe wa Mama

Wimbo wenyewe ni wa Kizungu, wa zamani kuliko mimi, na nyumbani kwetu Kinyangiri hakuna aliyewahi kuelewa maneno yake yote. Magitaa laini, ngoma nyepesi, na mwanaume anayeimba kama mtu aliyekubaliwa na mchumba leo hii. Baba alikuwa nao kwenye kaseti. Betri zikichoka alizianika juani, akazirudisha, na mama aliacha ufagio wakacheza uani mbele yetu bila haya. Nyimbo ngapi zimevuma na kusahaulika tangu hapo! Huu ukipigwa hata leo, mtoto wa darasa la pili anatikisa bega.

Ndiyo maana niliutia kwenye flashi nikampa dijei siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga mdogo wangu anayeolewa, pale Nduguti. Nilijiona mjanja. Wazazi wetu walikuwa na miezi saba hawasemeshani, na kwenye sendofu wazazi wa binti huingia ukumbini pamoja, wakicheza, mbele ya wakwe. Wasipoingia pamoja, wakwe wanaondoka na maswali, na binti ndiye atakayeyajibu huko aendako.

Ugomvi ulikuwa wa ng'ombe. Mahari yangu ilipokuja, mmoja kati ya wale ng'ombe alikuwa wa mama. Ng'ombe huyo ni asante kwa aliyezaa na kulea, na mwingine hamgusi. Baba alimtoa akasaidie mahari ya mtoto wa kaka yake, bila kuuliza. Mama alikwenda kukamua asubuhi akakuta kamba tupu. Alipouliza, baba akamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Tangu hapo mama hakumjibu neno.

Alasiri ile mshereheshaji akawaita wazazi wa binti. Wimbo ukaanza. Wakwe kutoka Ihanja, watu wazito wale, wakajikuta wanapiga makofi. Baba alikuwa amesimama mlangoni na suti yake, peke yake.

Mama nilimkuta nyuma, kwa wapishi, na kitenge chake cha sherehe, anakoroga pilau iliyokwisha kuepuliwa.

"Mama, mnaitwa."

"Nasikia."

"Ni ule wimbo wenu."

Akanitazama mpaka nikatamani kurudi nilikotoka. "Wetu na nani? Mimi niliupenda wimbo huu nikiwa msichana, kwenye redio ya dukani, kabla sijamjua baba yako. Yeye alijifunza kuucheza ili anipate. Usinivute nao kama ndama kwa majani."

Niliona aibu kweli. Nilikuwa nimefanya kosa lilelile la baba: nimechukua kitu chake bila kumuuliza.

Wimbo ukaisha. Dijei akaurudia. Mshereheshaji akatania kwamba mama bado anajipodoa, watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Mdogo wangu pale mbele alikuwa ameshika leso kwa mikono miwili, macho mlangoni. Mkwe mmoja akamwinamia mwenzake, akanong'ona.

Nikamfuata baba. "Baba, hatakuja kwa wimbo."

"Anataka nini?"

"Unakijua, baba."

Akatazama viatu vyake. Kisha akageuka, akazunguka nyuma ya ukumbi mpaka kwenye masufuria. Wapishi wakampisha.

"Mama watoto," akasema, "nilikosa. Ng'ombe alikuwa wako."

Mama hakuacha kukoroga. "Ulinidharau mbele ya ukoo mzima. Leo unaniomba radhi mbele ya masufuria?"

Baba yangu ni mtu ambaye hata akikukanyaga, wewe ndiye unayesema pole. Nilidhani atavua koti aondoke zake. Alirudi ukumbini, akamfanyia dijei ishara azime, akachukua maiki.

"Wakwe zangu, mtuwie radhi. Mke wangu hajachelewa, mimi ndiye niliyemchelewesha. Nilitoa ng'ombe wake bila kumuuliza. Nilikosa."

Mdogo wangu akafunika uso kwa leso. Nikajua tumekwisha, mambo ya ndani yameanikwa mbele ya wageni. Ndipo mama mkwe wa mdogo wangu, bibi mmoja mwembamba ambaye tangu afike hakuwa ametabasamu, akasimama na kupiga kigelegele, na wanawake wote wa upande wake wakampokea.

Dijei akauanza wimbo upya, mara ya tatu, na watu wakaupokea kana kwamba hawakuwa wameusikia dakika tano zilizopita. Mama akaingia. Alicheza mwenyewe kwanza, polepole, macho amefumba, akifurahia wimbo wake. Kwenye kiitikio ndipo alipompa baba mkono. Nililia bila kujificha.

Waliponipitia karibu nilimsikia mama akimwambia sikioni, "Kesho asubuhi naingia zizini mwenyewe. Nachagua ng'ombe wangu."

Baba alijua atamchagua yupi: yule aliye bora kuliko wote. Akaendelea kucheza, na mkono hakuuachia.