Rangi ya Ukindu Bwawani

Fundi aliyeitwa kutafuta panapovuja bwawa la kuogelea la Rozalia hakuja na mashine. Alikuja na ndoo na chupa ya rangi nyekundu ya ukindu, ileile wanayotumia wasuka mikeka wa Ruaruke. Siku ya kwanza aliijaza ndoo maji, akaiweka kwenye ngazi ya bwawa, akaaga. Kesho yake maji ya ndoo yalikuwa palepale, ya bwawa yameshuka vidole viwili. Rozalia akasema basi, mumewe avunje sakafu yote kama alivyopania. "Taratibu, mama," fundi akamjibu kwa sauti ya chini, kama kuna mtoto amelala.

Akavua kandambili, akaingia, akasimama mpaka maji yakatulia. Kila alipotilia shaka alidondosha tone, akalitazama likisambaa, akasogea. Chini ya taa ya bwawa tone halikusambaa. Lilijinyoosha kama uzi, likazama ukutani. Akatabasamu peke yake. Akachota gundi ya kuzibia, kisha akasita, macho yakiwa nje ya ukuta huo, kwenye mgomba ambao Rozalia huusifia hadi kanisani.

"Nikiziba hapa, mama, ule nani ataumwagilia?"

Rozalia akacheka. Fundi hakucheka. Gundi ikamsubiri kidoleni.

"Mimi, fundi. Kila asubuhi."

Ndipo akaziba.