Ree Niliyoitupa Mbele ya Mzee Seif

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikikuona umeinamia simu unacheza poka, hasira zake zinanirudia upya. Jana nimekaa nyuma yako tangu alasiri. Umepewa mbili na saba, tena za rangi tofauti, karata za kutupwa hizo, nawe ukaingia mchezoni. Ukapewa tatu na nane, ukaingia tena. Hivi wewe huwezi kukaa nje hata mara moja?

Haya, sikiliza. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na wazee wangu walikuwa wameshapeleka barua ya posa Mkunazini kwa Mzee Seif, baba yake Ruwaida. (Mama yako nilimpata baadaye, na namshukuru Mungu kwa hilo, lakini usimwambie kuwa nimelitaja jina hili.) Tukawa tunasubiri jawabu. Wiki ya pili Mzee Seif mwenyewe akaniita barazani kwake, tucheze karata mimi na yeye dhidi ya majirani zake wawili. Mpumbavu mie, nikadhani naitwa kucheza karata.

Nikagaiwa ree ya turufu, karata inayozipiga nyengine zote. Nikacheka mpaka magego yakaonekana. Jirani mmoja akanitazama, akapiga funda la kahawa yake, akajua kila kitu. Karata ya kwanza iliyochezwa ilikuwa nne tupu, isiyo na thamani yoyote, na mimi nikaipiga kwa ree yangu kwa kishindo. Basi majirani wakatulia. Walipoona ree imeshatoka, wakatoa karata zao kubwa moja moja, nami sina tena cha kuwazuia. Tukafungwa, na aliyefungwa huinuka kuwapisha wengine. Mzee Seif akainuka polepole, akavaa kofia yake.

"Kijana," akaniambia, "nshakuona. Uso wako unasema kabla ya mdomo, na mkono wako hauwezi kungoja. Mwanangu akikwambia siri ya ndani, utaiweka wapi?"

"Nisamehe, Mzee. Nilifurahi tu."

"Nenda nyumbani. Jawabu mtaletewa."

Mtaletewa! Neno lilikuwa wazi kama mchana. Unadhani nilingoja? Siku ya nne nikamsumbua ami yangu mpaka akaenda kudai jawabu. Akapewa pale pale mlangoni: hapana. Mwaka wa pili, Ruwaida ameshaolewa Chukwani, nikakutana na Mzee Seif sokoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniambia bila ya kuulizwa kwamba alikusudia kuniozesha Mfungo Mosi, mwezi ule unaofuata Ramadhani. Alitaka tu kuona kama nitaweza kukaa kimya mpaka mwezi uandame. Nilikwenda nyumbani nikalia, sikufichi.

Ndiyo maana asubuhi uliponitaka nipige simu Fumba kwa baba wa binti nikaulize jawabu la posa yako, nilikukatalia kwa ukali. Siku tano, mwanangu! Siku tano tu tangu barua ifike, nawe unataka kupiga meza kama mimi nilivyoitupa ree.

Basi shika haya, kwenye simu yako na nje ya simu. Karata mbovu itupe mapema, hakuna aibu yoyote kukaa pembeni. Ukiweza, waache wenzako watangulie, uone wana nini. Ukipata nzuri, uso wako uwe ule ule uliokuwa nao ulipopata mbovu. Na ukishaingia ukaona umekosea, toka, usibakie kwa kuona haya kwamba ulishaingia. Zaidi ya yote, karata yako kubwa usiitoe kwa sababu inakuwasha mkononi.

Mungu akupe subira aliyoninyima mimi, aulainishe moyo wa baba yake binti yule, akujaalie nyumba yenye siri na watoto wenye adabu. Na hiyo simu nipe mimi, mpaka jawabu lije.