Vigae vya Baraza la Nyuma

Baada ya kumzika baba, mama aliacha kufungua mlango wa mbele. Kwetu mwanamume huzikwa ndani ya boma lake, kando ya nyumba, hivyo ukifungua mlango huo kaburi ndilo la kwanza kukusalimu. Ndugu zangu walilijenga vizuri: nguzo nne, paa dogo la mabati, na chini yake kaburi lenyewe likafunikwa kwa vigae. Nilikuwa kwangu Migori walipomaliza. Niliambiwa limependeza, nikasema vyema.

Mama alishinda ndani. Alivuta kiti chake hadi kwenye dirisha dogo la sebuleni, akachagua maharagwe, akayachagua tena. Miguu ikaanza kumvimba. Kwenye zahanati walimwambia atembee na apate jua. Aliitikia vizuri, akarudi kwenye kiti chake. Siku ya Sabato alitokea mlango wa jikoni, akazunguka nyuma ya choo na kushika njia ya kanisani.

Kaka yangu mkubwa, anayeishi Homa Bay mjini, alisema dawa ni kumhamisha mama akakae naye. Mama alijibu kwamba hatoki kwenye nyumba yake kwenda kutazama ukuta wa jirani. Kaka akaweka masharti: mvua zikiisha na mama bado amejifungia, yeye atakuja na gari. Namjua kaka yangu. Gari lingekuja, na mama angepakiwa pamoja na kuku wake, na asingeishi sana huko. Hilo nililiogopa kuliko nilivyomwambia mtu yeyote.

Niliwakasirikia wote wawili. Kwangu jambo lilikuwa rahisi. Kama kaburi linamzuia kukaa mbele, atakaa nyuma. Tungemjengea baraza lililoezekwa, lianzie mlango wa jikoni na kutazama shamba la mahindi.

Binti aliyeolewa hajengi kwao. Kila mtu kijijini kwetu Kosele analijua hilo, na wazee wa ukoo walinikumbusha kwa simu, kwa upole wa kuudhi. Basi kaka akaja, akashika nguzo ya kwanza ilipokuwa ikichimbiwa, akapigwa picha, akanywa chai, akaondoka. Desturi ikawa imetimia. Kazi iliyobaki ilikuwa yangu na fundi.

Fundi alikuwa Mkuria wa Ntimaru, mtu mrefu asiyejua Kijaluo hata cha salamu. Kwa ajili yake nyumba nzima ilihamia Kiswahili, na Kiswahili cha mama ni cha soko la Rodi Kopany: kifupi, na hakirudishi chenji.

"Hapa chini unataka tuweke nini, mama?" fundi alimuuliza siku mabati yalipopanda.

"Udongo. Tupake na mavi ya ng'ombe, kama zamani."

"Na ng'ombe iko wapi?"

"Iko kwa jirani."

Nikaingilia kati. Nilimwambia sakafu ya namna hiyo hupakwa upya kila mara, na kwa miguu ile angeinamaje? Fundi akapendekeza saruji iliyotiwa rangi nyekundu, ipigwe msasa hadi ing'ae. Nikakataa, kwa sababu nakumbuka rangi hiyo ilivyomaliza soksi zangu zote za shule. Akataja kabro, vile vitofali vya saruji vya kupanga. Nikasema viti vitayumba na siafu watapanda kwenye nyufa. Nilikuwa na jibu la kila kitu, na mwisho mama akatuchoka.

"Wewe weka yenye unataka. Isiteleze tu."

Nikarudi Migori, nikaingia kwenye duka la vifaa vya ujenzi na kuzunguka katikati ya marundo ya vigae. Vingi vilikuwa vya maringo: maua makubwa, rangi za harusi, uso laini kiasi kwamba mtoto angeteleza amesimama. Kisha nikaona vingine pembeni. Vilikuwa na rangi ya maziwa na mishipa myembamba ya kahawia, na nilipopitisha kiganja nilihisi mkwaruzo kidogo. Nilivipenda papo hapo. Vilinituliza; sijui namna nyingine ya kulisema hilo.

"Hiyo inaenda sana, madam," muuzaji akasema. "Watu wa kujenga ocha, huko kijijini, ndio wanaichukua zaidi."

Niliona fahari kidogo, kwamba nina jicho zuri.

Fundi alivipanga wiki ambayo mama alikuwa kwenye makambi ya kanisa. Nilifika siku ya kumpokea, nikapitia kilango kidogo cha nyuma kama nilivyozoea tangu msiba. Fundi alikuwa akikusanya vifaa vyake, na kazi ilikuwa safi. Mistari ilinyooka, maji yalikuwa na mteremko wa kukimbilia, na nguzo nne zilisimama sawasawa chini ya mabati mapya. Nilipanga viti viwili na kusubiri kusifiwa.

Mama alitokea nyuma ya choo akiwa bado na mkoba wake begani. Hakukanyaga baraza. Aliangalia sakafu, akaangalia nguzo moja baada ya nyingine, akainua macho hadi kwenye mabati.

"Fundi," akasema, "hii ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Ile ya mzee ni kidogo. Mimi mmenipea kubwa. Asanteni. Lakini mimi sijakufa."

Sikuelewa. Fundi alielewa, maana alianza kuukagua mwiko wake kana kwamba ameuona siku hiyo. Nilipomuuliza mama ana maana gani, alinitazama jinsi anavyotazama haragwe lililotobolewa na wadudu.

"Nyathina," akasema, neno letu la kumwita mtoto wako, "hujui tiles ya baba yako?"

Nikamgeukia fundi. "Wewe ulijua?"

"Madam, mimi si napitanga hapo mbele kila asubuhi? Nilidhani mmetaka zifanane."

Niliona aibu, na aibu kwangu hugeuka hasira haraka. Nilimwambia fundi alete nyundo, ang'oe vyote, tuanze upya na hiyo rangi yake nyekundu. Fundi akasimama. Mama akainua mkono.

"Acha hapo."

"Mama, utakaaje juu ya kitu unachokiogopa?"

"Nani amekuambia naogopa?"

Nikamkumbusha mlango. Nikamkumbusha miezi yote ile ya kujifungia.

"Mlango nafunga juu ya watu," akasema. "Wakipata iko wazi, wanaingia. Pole, pole, pole. Wananiangalia kwa uso kama nimelia. Wanakula, wanaenda, kesho wanarudi. Baba yako mimi namwona kila siku. Si niko pale kwa dirisha?"

Dirisha. Nilidhani alilipendea mwanga wa kuchagulia maharagwe. Nimekaa sebuleni mle mara nyingi tangu mazishi, nimekunywa chai, nimemgombeza mama kuhusu miguu yake, na sikuwahi hata mara moja kutazama nje kupitia dirisha lile. Nyani haoni kundule. Aliyekuwa akikwepa kaburi si mama. Ni mimi niliyekuwa nikija kwa kilango cha nyuma, na baraza lile nilikuwa nimejijengea mwenyewe.

Mama alivua viatu, akaweka mguu mmoja uliovimba juu ya kigae na kuusukuma mbele na nyuma.

"Haitelezi," akasema, na akaketi.

Tangu hapo hukaa pale, miguu juani, maharagwe mapajani. Wageni hawamfikii, kwa maana wao hubisha mlango wa mbele, wakanyamaziwa, wakaenda zao. Mvua zilipoisha kaka alikuja na gari kama alivyoapa. Alimkuta anatembea kati ya jikoni na baraza akifukuza kuku. Alitazama vigae kwa muda, akanitazama mimi. Akanywa chai, akaondoka.

Nilipokwenda mara iliyofuata mama alikuwa anasugua baraza kwa brashi na maji ya sabuni. Nilitaka kumpokea brashi, akakataa mpaka alipomaliza kona zote. Kisha akanisukumia ndoo.

"Maji imebaki. Peleka kwa baba yako."

Nilizunguka nyumba. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa na uwanja ulikuwa mtupu. Nilipiga magoti kando ya kaburi na kuanza kusugua, na chini ya kiganja changu kukawa na mkwaruzo ule ule ulionituliza dukani. Nililia hapo, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Mama hakuja kuniita. Nilipogeuka nilimwona dirishani, kisha akaondoka kwenda kuweka chai.