Mshika Mwisho wa Chang'ombe

Zamani, pale Chang'ombe, karakana nzima iliweza kusoma kitabu kimoja cha upelelezi na asitokee hata mmoja wa kumharibia mwenzake mwisho. Leo mtu mmoja mwenye simu anawatangazia watu muuaji ni nani kabla hata maiti haijaonekana.

Ansbert aliyasema hayo kila alipopata wa kumsikiliza, na asipompata aliyasema peke yake. Alikuwa na haki ya kuyasema. Alikuja Dar es Salaam kutoka Bukoba na darasa lake la nne, akaajiriwa fundi katika kiwanda cha mabati, na elimu yote aliyoipata baada ya hapo aliipata kwenye riwaya za kutisha na za mauaji. Vitabu vilikuwa adimu. Wafanyakazi walichangishana, wakanunua nakala moja, na Ansbert akaikata kwa wembe vipande sita. Alivishona kwa uzi wa viatu na kuvivika jalada la karatasi ya khaki ya mifuko ya saruji. Hivyo watu kadhaa walisoma kitabu hichohicho kwa wakati mmoja, mmoja akimpisha mwingine, kama watu wanaopanda ngazi.

Kipande cha sita hakikuzunguka. Kilikaa kwa mtu mmoja, naye aliitwa mshika mwisho. Aliyemaliza cha tano alikirudisha, akaenda nyumbani kulala na mashaka yake usiku mmoja, na asubuhi kabla ya king'ora alisimama mbele ya wenzake akamtaja aliyemshuku. Ndipo alipopewa cha sita. Aliyekosea alichekwa mpaka akachoka. Aliyepatia aliitwa afande mpaka kitabu kingine kianze.

Mshika mwisho alikuwa Ansbert. Vyeo vya kiwandani vilimpita kushoto na kulia, lakini hicho hakuna aliyewahi kumnyang'anya. Walijaribu kumlainisha kwa sigara, msimamizi akajaribu kwa vitisho, na kuna waliomtajia majina ya washukiwa mmoja mmoja huku wakimkazia macho, wapate kuona jicho litapepesa kwenye jina gani. Halikupepesa. Aliufundisha uso wake kukaa kimya kama wengine wanavyoufundisha mkono kupiga msasa.

Kisha kiwanda kikafungwa. Mashine zikauzwa kama chuma chakavu, jengo likawa ghala la vigae kutoka nje, na wasomaji wakatawanyika, wengine mjini, wengine makaburini. Akabaki Venance, mchomeleaji kutoka Masasi, jirani yake wa nyumba ya tatu. Huyo naye presha ya macho ilikwisha kumpofusha. Ndiyo maana kila siku baada ya alasiri Ansbert alibeba kipande kimoja cha khaki, akaketi kwenye kibaraza cha Venance, akamsomea.

Hamida, mke wa Venance, alijua kusoma vizuri kuliko wote wawili. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo Ansbert hakuisamehe. Alianzia ukurasa wa mwisho.

"Mie nataka kwanza nijue kama yule mtoto kapona," alisema, mikono ikiwa kwenye mchele. "Nikishajua, ndiyo naogopa kwa raha."

"Shemeji, hiyo si kuogopa. Hiyo ni kukagua."

"Haya, mkaguzi mie. Chai hiyo hapo."

Na akishalijua jambo hakuweza kukaa nalo. Alilisema kisimani, dukani, hata kwa mgeni asiyejua kama kuna kitabu. Kwa sababu hiyo hakuna kipande cha sita kilichowahi kulala katika nyumba ile.

Hamida alipenda vitabu vya kutisha, vile vya damu mpaka dirishani, na ubishi wao haukuisha. Ansbert alishikilia kwamba damu ni uvivu wa mwandishi. Hofu kubwa aliyowahi kuisoma, alisema, ilikuwa ya sufuria lililooshwa likainamishwa likauke, ndani ya nyumba isiyokaliwa na mtu. Basi. Hakuna aliyechinjwa. Yeye mwenyewe alikaa wiki nzima akipita jikoni kwake bila kugeuza shingo.

"Sufuria!" Hamida alicheka. "Wahaya mnaogopa vyombo, ndiyo maana mnakula mgahawani."

Kuhusu mauaji ya kweli, Ansbert hakutaka mzaha. Mwaka uliopita Demetria, muuza maandazi wa mtaa huo, alifiwa na kaka yake, dereva aliyeuawa kwenye yadi ya makontena. Arobaini haijafika, kijana mmoja wa simulizi za mtandaoni akaitoa habari ile na ngoma nyuma yake, akamzulia marehemu kimada, akamalizia kwa kuwaambia watu wabonyeze kengele. Demetria aliisikia saluni, kichwa kikiwa nusu kimesukwa. Alitoka hivyohivyo.

"Anayeandika kifo cha kweli," Ansbert alisema siku ile kwa hasira, "aandike kama mtu atakayekuja kuyasoma msibani, ameketi mkekani, mama wa marehemu yuko mbele yake."

"Basi hakuna atakayeandika," Venance akajibu.

"Wataandika wachache. Wachache wanatosha. Sisi tulikuwa karakana moja na tulitosha."

Kitabu chao cha mwisho kilikuwa cha zamani, jalada lake la dukani lilishapotea. Mwenye mashine ya kusaga amekutwa amekufa katika stoo ya magunia, mlango umefungwa kwa ndani, mizani bado inacheza. Venance alikuwa hajawahi kukisoma; zamu yake ilikatizwa na kufungwa kwa kiwanda, na kwa miaka yote hiyo alikidai kama mtu anavyodai haki yake. Walikianza waliposikia kwamba Benson, mtoto wa Venance na Hamida anayefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, ameamua kuwarudisha wazazi Masasi wakatunzwe na dada yake. Safari ilipangwa Jumatatu. Ijumaa jioni Ansbert alifunga kipande cha tano.

"Kalete cha sita," Venance alisema. "Kungali mapema."

"Ulale nayo kwanza."

"Ansbert, mimi na wewe tumebaki wawili. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Akaondoka akitembea wima, ameridhika na nafsi yake.

Asubuhi alikuja kipande cha sita kikiwa mfukoni mwa shati, akakuta gari la Benson limeelekezwa barabarani na godoro limefungwa juu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Si mlisema Jumatatu?"

"Ruhusa imebadilika. Jumatatu natakiwa Kurasini, mzigo unaingia. Tulitaka tukugongee mlango sasa hivi."

Ansbert alikishika kipande mfukoni. Jana jioni kulikuwa na muda tele, naye ndiye aliyeukataa. Venance alikuwa kiti cha mbele, amevaa miwani yake myeusi na koti la harusi.

"Mhaya, umekuja?" aliita. "Nani kaua? Neno moja tu, tuondoke."

"Kwanza mtaje wako."

Venance alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaweka mikono magotini, akakaa kama alivyokuwa akikaa karakanani. "Nimelala nayo usiku kucha. Si mke, si mdogo wake. Ni yule fundi mizani."

Ansbert alisogea karibu na dirisha la gari.

"Umevuta pumzi! Hamida, umesikia? Kavuta pumzi!"

"Nina mafua," Ansbert alisema.

"Baba mkubwa, si umwambie tu yaishe?" Benson aliingilia, funguo mkononi. "Ni kitabu tu. Halafu njiani nitamwekea simulizi za kwenye simu, ziko kibao, tena za kweli."

"Hizo zenye ngoma?"

"Ngoma ndiyo inaleta hofu, mzee wangu."

"Mtu akipigiwa ngoma hajaogopa. Kashtuka. Hata mbuzi anashtuka."

Lakini maneno hayo hayakumsaidia. Akisema neno moja, mdomo alioulinda tangu ujana utakuwa umefunguka, tena kwa mtu aliyestahili kulindwa kuliko wote. Asiposema, Venance ataondoka na kitabu kisicho na mwisho, macho hana, na Benson hajawahi kumaliza hata gazeti. Alitazama ndani ya gari. Kiti cha nyuma Hamida alikuwa amekaa kati ya ndoo na mabegi, ameshika jiko la mkaa lisianguke. Alikuwa akimtazama mumewe, jinsi alivyogeuza sikio kusubiri jibu.

Ansbert akatoa kipande cha khaki mfukoni.

"Shemeji, toa mkono."

"Mie?" Hamida akarudi nyuma. "Si ulisema mie mdomo wangu hauna kizibo?"

"Nilisema, na sijafuta. Kuanzia leo mshika mwisho ni wewe. Uanzie mwanzo, ukurasa kwa ukurasa. Mkifika Nangurukuru, nusu ya njia, unyamaze kidogo, umwache ateseke. Umalizie Lindi."

"Tumekwisha!" Venance alipiga kelele. "Mpaka Mbagala hapo, nitakuwa nimeshajua!"

Benson alicheka. Hamida hakucheka. Alipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzake.

"Sawa, shemeji," alisema.

Venance alinyoosha mkono nje ya dirisha, akaupata wa Ansbert, akaubana kwa nguvu za mchomeleaji. "Ni fundi mizani," alisema taratibu. Ansbert akaubana na yeye. Uso wake ulikuwa kimya kabisa, ingawa mwenzake hakuweza kuuona.

Gari liliondoka, likafika kwenye kona na kusimama, maana lori la kontena lilikuwa likirudi nyuma kuingia kwenye ghala la vigae. Ansbert alibaki kando ya barabara. Kupitia kioo cha ubavuni, gari likiwa limeanza kukata kona, alimwona Hamida akivaa miwani, akiinua kile kipande. Dole gumba lake likaenda moja kwa moja kwenye ukingo wa nyuma, kwenye jani la mwisho, likakaa pale.

Likakaa. Kisha Hamida akakigeuza kipande, akafungua ukurasa wa kwanza, na midomo yake ikaanza kucheza. Mbele yake kichwa cha Venance kiliinamia nyuma, upande wa ile sauti.

Lori likaingia lote, njia ikafunguka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho Ansbert kuwaona.