Stendi ya Shangazi

Shangazi yangu ni mpiga picha, na mtaani wanamwita Mpelelezi. Hawakumwonea. Maziwa huyaonja mbele ya muuzaji, na chumbani pake pa kazi ametundika kioo kidogo ili hata akikupa mgongo aione mikono yako. Kamera yake haishikwi na mtu. Siku ya harusi ya wazazi wangu alimwachia shemeji yake, na shemeji akakata vichwa vya ukoo mzima. Tangu hapo ametupiga picha sote, yeye hayumo hata katika moja.

Aliyelisema hilo ni Bibi, mama yake, alipokuwa amekwisha nguvu kiasi cha kushikwa mkono mpaka uani.

"Nikifa watu watadhani sikuzaa binti," alisema. "Nataka picha, mimi na wewe."

"Kinyozi hajinyoi, mama."

"Basi anyolewe."

Nikajitolea kubonyeza mimi. Shangazi akanitazama kana kwamba nimemwomba figo. Niliudhika, na sijaacha kuudhika. Kesho yake akanikokota kwenda kutafuta stendi, ile ya miguu mitatu, ili kamera ijipige yenyewe naye apate kukaa karibu na mama yake.

Dukani muuzaji alituletea stendi nyepesi inayong'aa, kichwa chake, pale kamera inapofungwa, kina mkono mrefu. Shangazi akafunga kamera na lenzi yake nzito, akalenga tarehe kwenye kalenda ya ukutani, akakaza skrubu, akaachia. Kisha akachungulia, akangoja. Tarehe ikaanza kupanda taratibu ndani ya kioo cha kamera. Kichwa kilikuwa kinainama kama mlinzi anayesinzia.

"Umeona?" akaninong'oneza kwa furaha. Kumkamata mtu ndiyo raha yake.

Muuzaji hakubisha. "Hiyo ni ya kamera ndogo, mama. Kwa lenzi yako hiyo, chukua miguu hii ya mtumba, ni chuma, kisha uongeze kichwa hiki kifupi chenye gololi. Vyote viwili havifiki bei ya ile."

Hapo ndipo Shangazi aliposhtuka kweli.

"Kwa nini unanipeleka kwenye rahisi? Una nini wewe?"

"Sina kitu, mama. Ndiyo itakayokufaa."

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," akasema, akavuta miguu yote mpaka mwisho, akanusa viungo kama vina gundi, akatundika katikati mkoba wake, na mkoba ule hubeba dunia. Akafunga kamera, akalenga kalenda. Tarehe haikusogea. Akangoja. Haikusogea. Kadiri ilivyotulia ndivyo alivyozidi kukunja uso. Wateja wawili walichoka wakaondoka, nami nikatamani ardhi ipasuke. Mwishowe akalipa, lakini njia nzima alikuwa akisema, "Kuna kitu. Yule mtu amenificha kitu."

Jumapili tulimtoa Bibi ndani mpaka uani, amevaa gauni lake la kijani. Shangazi akasimamisha stendi, akakaza, akajaribu miguu kwa kuisukuma na goti, akakaza tena. Bibi alikuwa akitetemeka kwa kuchoka.

"Njoo basi, mwanangu."

Shangazi akabonyeza, akakimbia, akaketi. Bibi akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Taa ndogo ya kamera ikapepesa, ikapepesa, ikalia.

Alikwenda kuitazama. Kisha akasema turudie.

"Nimechoka," Bibi akasema. "Hiyo inatosha. Nilaze."

Hakufika tena uani. Tulimzika kabla mvua hazijaanza.

Picha hiyo iko ukutani pa Shangazi, juu ya kiti cha wateja, na ni picha safi, kila mkunjo wa gauni la kijani unaonekana. Bibi amegeuka, anamtazama binti yake kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake. Binti yake hamtazami. Amekodoa macho mbele, shingo imenyooka, anakichunguza kichwa cha stendi kama kinainama.

Juzi aliniita chumbani kwake, akaninyooshea kamera bila kunitazama.

"Shika," alisema. "Nataka kukaa na baba yako."